Rispah Nasambu, Ndugu wa Wasio na Kipande

Alizaliwa mwaka wa 1911, mwendo mfupi kutoka Bumula, katika boma la mkulima wa Kibukusu (siku hizo wakiitwa Wakitosh) aliyeitwa Wekoye, mtu wa wimbi na simsim, mwenye mke mmoja na maneno machache. Alikuwa mtoto wa nne na wa kwanza kuishi. Mama yake alimwita Nasambu, na alipobatizwa na wamisionari mwaka wa 1927 akaongezewa jina la Rispah. Wanaopenda watakatifu wao wawe wapole tangu utotoni watasikitika kidogo hapa, kwa maana wote waliomjua akiwa msichana wanakubaliana kwamba alikuwa na ulimi mkali, alipenda kubishana, na alijifunza kunusa tumbaku kwa nyanya yake kabla hajajifunza sala ya Baba Yetu. Hiyo tumbaku hakuiacha mpaka kufa kwake. Mapadri watatu, mmoja baada ya mwingine, walijaribu kumwachisha wakashindwa.

Mwaka wa 1929 aliolewa na Barasa, kijana wa Kanduyi, na kwa miaka miwili waliishi kwa raha. Walipata mtoto mmoja, akafa kwa surua, na baada ya hapo tumbo halikushika tena. Barasa hakumsema vibaya kwa jambo hilo hata siku moja, naye Rispah hakusahau wema huo. Mwaka wa 1931 Barasa alikwenda Trans-Nzoia kulima kwa plau ya ng'ombe katika shamba la mzungu, akawa anarudi nyumbani wakati wa Krismasi. Siku hizo kila mwanamume Mwafrika alivaa kipande shingoni, karatasi iliyokunjwa ndani ya kijisanduku cha bati, na mwajiri ndiye aliyetia sahihi mtu alipoanza kazi na alipoacha. Mwaka wa 1934 Barasa alishikwa na kichomi. Akaomba ruhusa ya kwenda hospitali, mwajiri akakataa kutia sahihi, naye akaondoka hivyo hivyo akishikilia mbavu. Alipofika kwenye lango la hospitali moja ya mjini Kitale, karani alitazama kipande, akaona mtu huyu kwa mujibu wa karatasi ni mtoro wa kazi, akamwambia arudi na sahihi.

Habari zilimfikia Rispah Kanduyi, akatembea siku mbili hadi Kitale akiwa na chungu cha uji kichwani. Alimkuta Barasa chini ya ukuta wa hospitali, amefunikwa shuka isiyo yake, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mwanamke asiyemjua. Alikuwa amekwisha kufa tangu asubuhi. Mwanamke huyo aliitwa Chelimo, Msebei kutoka upande wa Uganda wa Mlima Elgon, aliyeshuka kuuza maziwa ya kibuyu. Yeye mwenyewe hakuwa na karatasi ya aina yoyote. Alikuwa amekaa na mgonjwa siku mbili, akimpa maziwa kwa kijiko, na maziwa yake ya kuuza yakaisha humo.

"Nilienda kwa karani mara tatu," Chelimo alimwambia. "Nikasema huyu ni wangu, mlaze ndani. Akaniuliza, wako namna gani, wewe Msebei na huyu Mkitosh? Nikasema ni wangu tu. Akacheka."

Rispah alilia sana siku ile, na katika uzee wake alisimulia kwamba alilia kwa mambo mawili. Alimlilia Barasa, kama ilivyompasa. Halafu alilia kwa sababu mtu wa mbali alikuwa amesema neno lile mara tatu kwa ajili ya mumewe, na yeye hakuwapo kulisema. Alimwuliza Chelimo amlipe nini. Chelimo alichukua shuka yake, akakung'uta vumbi, akashika njia ya mlimani. Hawakuonana tena.

Ndugu za Barasa walitaka kumrithisha kwa shemeji yake, kama ilivyokuwa desturi. Rispah alikataa, na namna alivyokataa haifai kuandikwa katika kitabu cha Kanisa. Mwaka wa 1936 alisikia kwamba misheni imefungua hospitali ndogo, Hospitali ya Mtakatifu Rafaeli, mpakani, pale mashamba ya wazungu yalipokutana na ardhi ya Wabukusu. Alikwenda kuomba kazi ya kufagia. Aliyempokea alikuwa Sista Aldegonda, Mholanzi mrefu mwenye miwani, mkuu wa hospitali, mwanamke aliyependa kila kitu kikae mahali pake. Walianza kugombana juma lile lile, kuhusu ndoo, na wakapendana kwa miaka ishirini na miwili bila hata mmoja kukiri.

Kutoka ufagio alipanda hadi kuosha vidonda, kutoka vidonda hadi kupima homa, na kufikia mwaka wa 1940 akawa mkunga wa wodi ya wanawake. Mikono yake ilikuwa myepesi. Mdomo haukuwa mpole: aliwahi kumpiga kofi mzee aliyekuwa akitema kwinini chini ya kitanda, kisha akakaa naye mpaka homa iliposhuka, akimwombea na kumtukana kwa zamu.

Sasa yafaa msomaji ajue kanuni moja ya hospitali hiyo, maana maisha yote ya Rispah yanazunguka hapo. Mtakatifu Rafaeli haikuwa na jiko la kulisha wagonjwa. Nyuma ya wodi kulikuwa na kibanda chenye mafiga, na kila mgonjwa alikuja na mtu wake, aliyeitwa mwenyeji, wa kumpikia, kumfulia, na kumchukua nyumbani akipona au akifa. Karani, kijana makini aliyeitwa Mukhisa, aliandika katika kitabu kikubwa jina la mgonjwa, namba ya kipande, jina la mwenyeji na udugu wao. Asiye na mwenyeji hakulazwa. Kanuni haikutungwa kwa ukatili. Mgonjwa asiye na mtu angekufa kwa njaa kitandani, na Sista Aldegonda alikuwa ameona jambo hilo kwa macho yake mahali pengine. Lakini watu wasio na kipande mara nyingi ndio hao hao wasio na mtu: Wagishu waliovuka mpaka kutafuta kibarua, Waturkana waliofuata ng'ombe, vibarua waliotoroka mashambani. Walifika langoni, wakaulizwa maswali mawili, wakageuka kurudi.

Mwaka wa 1938 aliletwa Mturkana aliyetobolewa tumbo na pembe ya fahali. Waliomleta walimweka chini, wakaondoka. Mukhisa alishika kalamu, akauliza kipande, hakuna. Akauliza mwenyeji. Watu wa mafigani wakatazamana. Rispah alikuwa anapita na beseni la bandeji.

"Andika mimi," alisema.

"Wewe ni nini yake?"

"Andika ndugu."

"Mama Rispah, si huyu ni Mturkana?"

"Nimesema ndugu. Andika, bana, mtu anatoka damu hapa!"

Mukhisa akaandika. Rispah akampikia yule mtu uji siku tano, akamwosha, na siku ya sita mtu akafa. Rispah akamzika katika kiwanja cha misheni kwa mikono yake na ya Mukhisa. Kwa Wabukusu, siku ya tatu baada ya mazishi watu wa marehemu hukaa pamoja na kunyolewa nywele, ili kifo kitoke juu yao na kila mmoja arudi kazini. Rispah alileta kigoda kibandani na wembe, akawaomba wanawake wamnyoe. Walikataa wote, wakisema kumnyolea maiti asiye wa ukoo ni kujitafutia balaa. Basi akajinyoa mwenyewe, bila kioo, akajikata sikio, akafunga kitambaa na kwenda kuwasha moto.

Hivyo ndivyo alivyoishi tangu siku ile. Kila mgonjwa asiye na mtu alikuwa wake: alipopona Rispah alimsindikiza hadi barabarani, na alipokufa alimzika na kunyoa. Ikafika mahali ambapo watu wa soko la Kitale hawakuwahi kuona nywele zake. Wanawake wa mafigani, ambao woga uliwaisha walipoona balaa haiji, walimtania, "Rispah, wewe utanunua mafuta ya nywele lini?" Naye akawajibu, "Ndugu zangu wakiisha."

Katika njaa ya mwaka wa 1943 kibanda kilijaa wageni kutoka kila upande, na hapo ndipo inapowekwa ajabu ya kwanza. Wazee wanasimulia kwamba sufuria ya Rispah ya debe moja ililisha watu sabini kila siku kwa siku kumi na tisa. Mimi niliyeandika haya nimemwuliza Lenah, mama aliyepika pembeni yake mwaka ule, ambaye tutamkuta tena. Aliniambia unga haukuongezeka wenyewe. Kila aliyepita nyuma ya sufuria ile alimwaga humo kiganja cha unga wake akitazama kando, asionekane na mumewe, na yeye Lenah ni mmoja wao. Nimeona niandike maneno yake kama alivyoyasema, na atakayeiita ajabu hatakosea.

Lakini Rispah alikuwa na mzigo moyoni, na hatutamtendea haki tukiuficha. Alikuwa mwanamke mkweli. Uongo aliuchukia kuliko uchafu, na kila Mukhisa alipoandika "ndugu" katika kitabu, yeye alijiuliza kama amemdanganya Mungu kwa wino. Aliwahi kumwendea Padri wa misheni katika kitubio kwa ajili hiyo. Padri alimwambia kwamba mbele za Mungu watu wote ni ndugu. Rispah alijibu kwamba anajua hayo, ila kitabu cha Mukhisa hakikuuliza ya mbele za Mungu, kiliuliza ya hapa. Padri akamwondolea dhambi kwa ujumla. Rispah akatoka bila amani.

Mwishoni mwa mwaka wa 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya uasi wa Wakikuyu. Familia za Wakikuyu zilizokuwa zimeishi na kulima Trans-Nzoia kwa miaka mingi zilianza kutolewa mashambani na kupakiwa kwenye malori kurudishwa walikoitwa kwao. Amri ikafika hospitalini: Mkikuyu yeyote asiye na pasi mpya yenye picha asiwekwe, na akionekana aripotiwe siku hiyo hiyo. Sista Aldegonda aliisoma amri hiyo mbele ya baraza la kanisa baada ya misa ya Jumapili, na likazuka bishano ambalo watu wanalikumbuka hadi leo.

Sista alisema kwa uchungu. Hospitali ilikuwa na vitanda arobaini. Ikifungwa kwa sababu ya mgonjwa mmoja, nani atawatibu wengine? Alisema yuko tayari kulia kwa ajili ya mmoja ili arobaini wabaki. Baada yake alisimama Mzee Wabwile, mwenyekiti wa baraza, mtu wa haki na wa makelele, ambaye pia alikuwa mzee wa mahakama ya kienyeji na mjuzi wa desturi kuliko wote wa upande ule.

"Binti yangu alizaa kwa sakafu mwaka jana," alisema. "Kitanda kilikuwa na Mgishu. Sisi ndio tulibeba mawe ya hii hospitali kwa kichwa, si wao. Na huyu mama ananyoa nyoa kila mwezi, maiti ya watu hatujui, hapa mlangoni kwetu! Mimi nimesema hata kwa baraza ya Bwana DC. Nimesema hii mambo iangaliwe."

Watu wengi walitikisa kichwa kukubali, na hatuwezi kuwaita wabaya. Binti ya Wabwile alikuwa amezaa sakafuni kweli. Rispah mwenyewe ndiye aliyemzalisha.

"Mzee, unaniuliza nani anafaa kitanda," Rispah alisema. "Hiyo sijui. Sijawahi kujua. Mimi najua tu nani anaumwa."

"Hiyo si jibu," Wabwile alisema.

"Ndio, si jibu," Rispah akakubali, akakaa. Baraza likavunjika bila kuamua neno.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1953 gari la ng'ombe lilimleta Bilha. Mumewe Gachanja alikuwa amepakiwa kwenye lori wiki moja kabla, na yeye, mja mzito, alijificha bondeni akiogopa kuzaa njiani. Uchungu ulimshika humo, na mtoto akakataa kutoka kwa siku mbili. Alikuwa Mkikuyu, hakuwa na pasi, hakuwa na mtu. Mukhisa hakuuliza. Alimtazama Rispah, Rispah akaitikia kwa kichwa, naye akaandika. Daktari alimpasua Bilha mchana huo huo, akatoa mtoto wa kike aliye hai, akashona. Alimwambia Rispah kwamba mama huyo asisimame siku kumi, na asitikiswe wiki sita. Mshono ukifunguka atakufa. Sista Aldegonda alisimama mlangoni akiwa na amri mkononi. Alitazama kitandani, akatazama karatasi. Siku ya kwanza hakuripoti, na ya pili vivyo hivyo.

Siku ya tatu Inspekta wa polisi alifika na askari wawili na lori. Malalamiko ya Wabwile kwenye baraza la DC, mkuu wa wilaya, yalikuwa yamesikika mbali kuliko mwenyewe alivyokusudia. Inspekta aliagiza meza itolewe nje, akakaa na kitabu cha Mukhisa mbele yake, akasoma tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka kwenye safu ya wenyeji. Watu wote wa mafigani walisimama kutazama. Mwishowe akamwita Rispah.

"Mara sitini na tatu," alisema. "Wewe iko ndugu sitini na tatu. Mgishu, Mturkana, Mnyarwanda. Sasa Mkikuyu. Baba yako alikuwa na bibi ngapi?"

"Moja, bwana. Na hata huyo mmoja, baba alikuwa anamwogopa."

Watu walicheka, na Inspekta pia karibu acheke. Kisha akafunga kitabu. Alisema kwa upole wa kutisha kwamba hii ni rejesta, na mtu akidanganya katika rejesta, rejesta yote ni ya uongo, na hospitali yenye rejesta ya uongo ataifunga leo. Mwanamke Mkikuyu atapanda lori saa hiyo. Na ili asiseme neno la kuonea mtu, amemleta shahidi anayejua desturi za hapa, mwenyekiti wa kanisa lao wenyewe, ambaye ndiye aliyelalamika. Mzee Wabwile alishuka kutoka mbele ya lori. Hakumtazama mtu.

Rispah alisema baadaye kwamba hakuwahi kuogopa kama wakati ule. Hakuogopa jela. Aliogopa kwamba Wabwile angesema yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa akijiambia miaka kumi na mitano, kwamba ni mwongo. Na kwa uongo wake Bilha angekufa njiani na vitanda arobaini kufungwa.

"Mzee," Inspekta akauliza, "kwa desturi ya Wabukusu, hawa watu ni ndugu ya huyu mama?"

Wabwile alivua kofia, akaigeuza geuza mkononi. Alipoanza kusema alisema polepole, kama alivyozoea mahakamani.

"Bwana, mimi na huyu mama hatupatani. Kila mtu hapa anajua. Lakini wewe umeniuliza desturi, si umeniuliza? Mimi siwezi kudanganya juu ya desturi. Kwetu mtu hanyoi kichwa bure. Ukinyoa juu ya maiti, hiyo maiti ni yako. Kifo yake imepita kwa nyumba yako. Watu wake wakikuja, watakula kwako, na wewe utakula kwao, na mtoto wako hawezi kuoa huko. Huyo ni ndugu. Hakuna ndugu ingine kubwa kuliko hiyo." Akamwonyesha Rispah kidole. "Huyu amenyoa. Nimemwona na macho yangu, na nimemkasirikia. Kama angekuwa anadanganya, singekasirika."

"Lakini huyu Mkikuyu hajakufa," Inspekta alisema.

"Ndiyo. Akikufa kwa lori yako, nani atanyoa? Wewe?"

Askari mmoja aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Inspekta alikifungua tena kitabu. Hakuwa mtu mwovu, na pengine alikuwa amechoka na malori. Aliandika maneno machache pembeni mwa ukurasa na kutia sahihi. Kitabu, alisema, ni cha kweli kwa desturi ya mahali. Mgonjwa abaki mpaka daktari atakapotia sahihi. Lakini mtu asiye na pasi amewekwa siku tatu bila kuripotiwa, na hilo ni kosa. Nani alimpokea?

Sista Aldegonda alifungua kinywa. Rispah alimkanyaga mguu.

"Mimi," alisema. "Kitabu si kinasema?"

Aliomba ruhusa amalize kumlisha Bilha, akaruhusiwa. Alimnywesha uji wote, akapangusa kikombe, akabusu paji la uso la mtoto, akachukua tumbaku yake, na kupanda lori mwenyewe. Wanawake waliokuwapo wanashuhudia kwamba alikuwa akitabasamu, na wengine wanaliweka hilo miongoni mwa maajabu yake. Kwangu sababu ni wazi. Mtu aliyemchukia alikuwa amesimama mbele ya serikali na kusema kwamba yeye si mwongo, na mzigo wa miaka kumi na mitano ulikuwa umeshuka.

Mahakama ya Kitale ilimfunga miezi miwili. Gerezani aliosha vidonda vya wafungwa kwa maji ya chumvi, akagombana na wasimamizi kuhusu uji mwembamba, na kushikwa na kikohozi ambacho hakikumwacha kamwe. Huko nyuma hospitalini, wiki ya kwanza tu, aliletwa Mgishu mwenye homa ya matumbo, peke yake. Mukhisa alishika kalamu, akauliza mwenyeji, na kwa mazoea akageuza uso kumtafuta mtu asiyekuwapo. "Andika Aldegonda," Sista alisema nyuma yake. "Andika ndugu." Kisha Sista, kwa kuwa sheria ilikuwa sheria, alikwenda mafigani kusonga ugali kwa mara ya kwanza maishani mwake, akauunguza wote. Lenah alimwonea huruma akamnyang'anya mwiko. Lenah alikuwa mke wa Mzee Wabwile, na tangu siku hiyo alipika kwa sufuria mbili, moja ya watu wake na moja ya wasio na watu. Mzee aliona, akasema hajaona.

Rispah alipofunguliwa mwezi wa Aprili alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Bilha, akakuta amelala mtu mwingine. Daktari alikuwa ametia sahihi, na lori lilikuwa limerudi. Rispah alikaa kibandani akalia mbele ya watu wote, akisema amefungwa bure. Sista Aldegonda aliketi kando yake juu ya kuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia, "Alipanda mwenyewe, Rispah. Kwa miguu yake, mtoto mgongoni. Hakuna aliyembeba." Mwaka wa 1956 barua ilifika kutoka Nyeri, imeandikwa na mwalimu kwa niaba ya Bilha. Walikuwa hai wote wawili. Msomaji angependa kusikia kwamba mtoto aliitwa Rispah. Hakuitwa hivyo, aliitwa Nyaruai, jina la mama ya Gachanja, kama desturi yao inavyotaka, na Rispah aliposomewa alisema hivyo ndivyo ilivyo sawa.

Kikohozi kilimshinda mwaka wa 1958. Katika mwezi wa Juni alilazwa katika wodi yake mwenyewe, kitanda cha karibu na mlango, akiwa amekonda na bado akiamrisha. Homa ya matumbo ilikuwa imejaza hospitali hadi veranda. Asubuhi moja watu wawili walimleta mtu juu ya baiskeli, amefungwa kwa kamba asianguke. Hakuweza kusema, na waliomleta walimwokota barabarani. Sista Aldegonda alisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna kitanda hata kimoja. Rispah alisikia. Hakubishana, ambalo ni jambo la kushangaza kwake. Alishusha miguu, akashika ukuta, akajishusha mwenyewe juu ya mkeka uliokuwa sakafuni.

"Mlazeni hapo," alisema. "Mimi nimemaliza nacho."

Sista alilia, akamsihi arudi. Rispah alimwambia aache makelele, amfunike yule mtu, anatetemeka. Padri aliitwa akampa mafuta matakatifu pale mkekani, na kabla ya adhuhuri akalala katika Bwana, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Kaburi lake liko katika kiwanja cha misheni, katikati ya wale aliowazika. Kuna wanaokuja kutoka Cheptais na hata ng'ambo ya mlima kuchukua udongo wake kwa ajili ya wagonjwa, na wapo wanaoshuhudia kupona. Kanisa halijasema neno juu ya hayo, na mimi si Kanisa. Miaka michache baada ya kifo chake Padri mmoja alitumwa kukusanya ushuhuda wa maisha yake, akaanza na siku ya mwisho. Alitaka sana kumpata yule mtu wa baiskeli, kwa kuwa alikuwa amepona, akaondoka kwa miguu baada ya siku kumi na moja, bila kumuaga mtu. Padri alifungua kitabu. Kwenye tarehe ile safu ya jina ilikuwa tupu, safu ya kipande tupu, na ya mwenyeji vivyo hivyo. Akamwita karani Mukhisa, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini hakuwahi kuacha safu wazi, akamwuliza mtu huyu alikuwa nani, wa kabila gani, alitoka wapi.

"Sijui, Padri," Mukhisa alisema. "Sikumuuliza. Alikuwa mgonjwa."

Padri aliandika hivyo hivyo. Na sisi tunaomheshimu Rispah Nasambu, mtu akiletwa mlangoni petu, tufanye hivyo hivyo.